Mbegu Haipokei Ahadi: Nyasi za Asili, Ngitili Zetu na Kalenda ya Vuli
(Maneno ya Mhazini katika harambee ya mwaka, Mwanza, mwezi Agosti)



Kwa kawaida mhazini huitwa mbele kusoma mapato na matumizi, watu wakapiga makofi, akarudi kukaa. Hesabu zenu zimo kwenye kurasa za nyuma za kijitabu hiki na zimekaguliwa. Leo kamati imenipa kazi nyingine. Mkutano mkuu wa Machi uliamua kwamba fedha za harambee hii ziende kwenye malisho, na wanachama kadhaa wameniuliza, wengine kwa upole na wengine kwa ukali, inakuwaje chama cha watu wazima kichangishe fedha za kupanda majani. Nyasi si huota zenyewe?

Swali ni la haki, nami nitalijibu kwa namna ninayoijua, yaani kwa hesabu na kwa tarehe.

Tunachokilipia sasa

Kila mmoja wetu anazijua simu za Septemba. Baba au kaka anapiga: ng'ombe wamekonda, wawili hawainuki, tuma chochote tununue mashudu ya pamba au pumba za mpunga. Unatuma. Wiki mbili baadaye inapigwa nyingine. Asiyetuma anasikia kwamba dume lililotegemewa kulipa ada ya mtoto limepelekwa mnadani wiki ileile ambayo kila mtu amepeleka lake, mbavu zinahesabika, na mnunuzi ndiye anayetaja bei. Fedha hizo haziandikwi kwenye kitabu chochote, lakini zinatoka mifukoni mwetu kila mwaka.

Kuna gharama nyingine isiyolipwa kwa simu. Vijana wetu wameondoka na mifugo. Wamefika Katavi, Rukwa, Morogoro, na wengine walikuwa bonde la Usangu hadi walipoondolewa mwaka 2006 na 2007, wakasogea Lindi. Huko wanagombana na wakulima juu ya mashamba, na habari zao tunazisikia redioni. Kijana haiachi nyumba ya babu yake kwa kupenda safari. Anafuata majani.

Na kuna Mto Simiyu. Mto wetu unatoka pande za Serengeti, unapita kwa jirani zetu, kisha unaingia ziwani hapa kwetu kwenye Ghuba ya Speke. Mvua ya kwanza ikinyesha juu ya ardhi tupu, maji yanashuka mekundu. Udongo ule ni wa kwetu na wa jirani zetu, na hautarudi mlimani. Mvuvi asiye na ng'ombe hata mmoja naye anahusika, kwa sababu matope hayo yanamwagika kwenye maji anayotupia nyavu.

Jambo hili si geni kwetu

Wazee wetu walikuwa na ngitili kabla ya sisi kuwa na chama. Mvua zinapoanza, sehemu ya malisho inafungwa. Inafunguliwa katikati ya kiangazi, majani mengine yakiwa yamekwisha. Kulikuwa na ngitili ya familia na ngitili ya wote, na aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati alijibu mbele ya dagashida.

Mfumo huo ulivunjika taratibu. Vichaka vilifyekwa kuua mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, na tulipohamishiwa vijijini miaka ya 1974 na 1975 watu wengi walikaa mbali na ngitili zao. Zikabaki bila mwenyewe.

Kwa jirani zetu wa Shinyanga, enzi mkoa huo ukijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu, hali ilikuwa mbaya hadi mkoa ukaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wakati huo ngitili zilizokuwa zimesalia zilikadiriwa kuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, hekta zisizopungua 350,000 zilikuwa zimerejeshwa katika vijiji 833. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo haikupandwa chochote. Ilifungwa, ikalindwa na sungusungu, na kilichokuwa chini ya udongo kikainuka.

Hapo ndipo aliyeniuliza kama nyasi haziotii zenyewe anapata nusu ya haki yake. Nusu nyingine nitaieleza.

Pima kwanza kabla ya kununua

Mhasibu hanunui kilichomo ghalani. Tembea kwenye malisho ukihesabu hatua. Kama kila hatua mbili tatu unakutana na shina la nyasi za kudumu, hata kama limeliwa hadi chini, mahali hapo pana akiba. Panahitaji kufungwa tu. Kumwaga mbegu hapo ni kutupa fedha.

Lakini mkienda kwenye ibambasi, ule udongo mgumu uliofunga kama sakafu, mnaweza kutembea hatua mia bila kukuta shina. Mbegu zilizokuwa chini zimekwisha, na zinazoletwa na upepo zinasombwa na maji. Ukipafunga hapo miaka mitano utavuna uzio. Hapo ndipo mbegu inanunuliwa.

Mwezi Juni kamati na wazee walipita kwenye ekari 40 ambazo kijiji kimetenga. Waligawa hivi: ekari 25 za kufunga tu, ekari 15 za kupanda. Kwa hiyo hatuwaombi fedha za kupanda ekari 40.

Kwa nini kwenye vumbi

Sasa nije kwenye tarehe, maana ndiyo kiini cha maneno yangu.

Mbegu ya nyasi za asili ni ndogo na nyepesi, nyingine ina manyoya. Ukiifukia kama mahindi haitoki. Inataka kukaa juu kabisa, imefunikwa na udongo usiozidi unene wa ukucha, na inataka iwe tayari hapo mvua ya kwanza inapoanguka. Mvua ile ndiyo inayoikandamiza, inaijaza maji na kuifunika. Ukingoja mvua inyeshe ndipo upande, magugu ya msimu yameshatangulia, udongo umeshaweka ganda juu, na jua la siku nne linamaliza unyevu mche haujashusha mzizi.

Wenzetu wa nchi za baridi, kama Marekani, wanafanya jambo la namna hiyohiyo kwa njia yao. Wanamwaga mbegu katikati ya majira ya baridi, wakati hakuna kinachoota. Usiku ardhi inaganda, mchana inayeyuka, na katika kuganda na kuyeyuka huko inapasuka nyufa ndogo zinazoimeza mbegu. Majira ya joto yakifika, mbegu iko mahali pake. Sisi hatuna barafu, ila tuna jua. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka kiangazi na mvua huufumba. Tofauti ni kwamba nyufa za mbuga zinaweza kuingia mkono mzima, na mbegu ikitumbukia huko haitoki tena. Ndiyo maana lazima tukwatue juu kwanza, mabonge yavunjike, nyufa zijae udongo laini.

Basi tarehe ni hizi. Kwetu vuli huanza kushika katikati ya Oktoba. Kupanda mwezi Julai ni mapema mno: upepo utaipeperusha mbegu, ndege watakula, na sisimizi watabeba iliyobaki. Kupanda Novemba ni kuchelewa. Dirisha letu ni wiki ya mwisho ya Septemba hadi wiki ya pili ya Oktoba, na tutalirekebisha kidogo tukisikia utabiri wa msimu kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Namna ya kupanda

Mbegu iliyovunwa jana si nzuri. Nyasi kama Cenchrus ciliaris, ile yenye suke kama mkia wa mbweha, mbegu yake hulala miezi kadhaa baada ya kuvunwa. Ikitunzwa mahali pakavu msimu mmoja, inaota vizuri zaidi. Muuzaji aulizwe imevunwa lini, kisha tuijaribu wenyewe. Hesabu punje 100, ziweke kwenye kitambaa chenye unyevu, ngoja wiki mbili. Zikiota 50, unajua nusu ya gunia ni mbegu na nusu ni makapi, na bei ijadiliwe kwa msingi huo. Huo ni ukaguzi unaoweza kufanywa na mtoto wa darasa la nne.

Ardhi itakwatuliwa kwa plau ya ng'ombe, mifereji mifupi na ya kina kidogo, ikikatiza mteremko ili maji yasimame. Kwenye ibambasi hili halina mjadala: lile ganda lisipovunjwa, maji yatapita juu na kuondoka na mbegu zetu hadi ziwani.

Mbegu ichanganywe na mchanga mkavu au samadi iliyochekechwa ili isirushwe na upepo na isianguke mahali pamoja. Isiwe juu kabisa ya tuta wala chini kabisa kwenye mfereji. Isiwe mahali pakavu wala pa kuzama. Imwagwe begani mwa tuta. Kisha buruta tawi la mgunga juu yake mara moja. Inatosha.

Tumepanga kilo 3 kwa ekari, yaani kilo 45 kwa ekari 15. Lakini hatutazimwaga zote. Kilo 2 kwa ekari zitaingia ardhini kabla ya vuli. Kilo 1 itabaki ghalani hadi mwishoni mwa Februari, ijaze mapengo kabla ya masika. Mnajua vuli yetu inavyoweza kunyesha siku tatu, ikanyamaza wiki tatu. Mtaji wote hauwekwi kwenye mvua moja.

Na aina ziwe zaidi ya moja, kulingana na udongo. Luseni, ule wa mchanga juu ya vilima, unafaa Cenchrus na Eragrostis superba. Pale penye chumvi kidogo Chloris gayana inavumilia. Kwenye mbuga tutachukua aina zilizokwisha kuonekana pembeni mwa barabara na makaburini, mahali ambapo ng'ombe hawafiki. Wazee na akina mama wanaokata majani ya kuezekea wanazijua kwa majina ya Kisukuma kuliko kitabu chochote. Kamati imewaomba waongoze. Wataalamu wa malisho tunao karibu, TALIRI pale Mabuki wilayani Misungwi, nao tutawashirikisha.

Kwa nini tusilete nyasi za kigeni zinazokua haraka? Zile ni za shamba la mtu mwenye maji na mbolea, kando ya zizi lake, na huko ziendelee. Hapa tunazungumzia ardhi ya wote, isiyo na bomba, itakayokanyagwa. Nyasi za asili zimeshazoea ukame wetu na meno ya ng'ombe wetu.

Anayetilia shaka atazame jirani. Kandokando ya Ziwa Baringo nchini Kenya, tangu mwaka 1982, shirika linaloitwa RAE limekuwa likirudisha nyasi za asili kwenye ardhi iliyokuwa imebaki mifupa. Wanapasua ardhi, wanapanda, wanafunga. Baada ya muda wenyeji wanalisha, wanakata majani ya kuezekea, na wanauza mbegu. Hilo la mwisho nataka mlikumbuke: miaka miwili kutoka sasa, hatutanunua mbegu. Tutavuna zetu.

Fedha zinakokwenda

Makisio ni shilingi 8,000,000, nayo ni haya:

Mbegu, magunia na usafiri: 1,200,000.
Kukwatua na kumwaga mbegu kwa plau za ng'ombe: 900,000.
Mipaka ya minyaa na njia ya kuzuia moto: 1,400,000.
Walinzi wawili, shilingi 100,000 kila mmoja kwa mwezi, miezi 20: 4,000,000.
Ukaguzi na dharura: 500,000.

Mtaona kwamba mbegu si hata robo. Nusu ya fedha ni ya walinzi. Najua wapo watakaosema tupunguze hapo. Naomba tusipunguze. Mche wa nyasi wa mwaka wa kwanza haujashika. Ng'ombe akiuvuta unatoka na mzizi. Kundi moja likiingia usiku mmoja wa Januari, milioni zote za juu zimeliwa. Kuanzia Oktoba hii, miezi 20 inatufikisha Mei ya mwaka wa pili, masika ya pili. Mwaka wa kwanza hakuna mnyama anayeingia. Mbegu zikishadondoka, majani yatakatwa kwa mkono tu. Julai ya mwaka wa pili ngitili inafunguliwa, kwa zamu, na inafungwa tena kabla majani hayajaisha.

Tumeweka masharti mawili, na hayo ni ya chama, si ya mhazini peke yake. La kwanza: hakuna shilingi itakayotoka kabla ya muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unaoonyesha mipaka ya ekari hizo 40 na adhabu ya atakayevunja. Ardhi ni ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Sisi wa mjini hatuendi kumpangia mtu ardhi yake.

La pili: muhtasari huo useme nani atapata nini. Ngitili ikifunguliwa, mwenye ng'ombe 80 anaingiza 80, na mjane mwenye mbuzi wawili anabaki akitazama. Tumeomba sehemu ya majani ikatwe na kugawiwa kaya zisizo na ng'ombe, waezekee au wauze. Kama nyasi zitafaidisha zizi kubwa tu, basi tutakuwa tumechangishana kwa ajili ya matajiri.

Ombi langu

Ndugu zangu, sisi ni watu wa kuahidi. Nasema hivyo kwa heshima, kwa sababu ahadi zetu huwa tunazitimiza, vitabu vinaonyesha. Lakini vitabu vinaonyesha pia tunazitimiza lini. Fedha nyingi za ahadi huingia mwezi Desemba, tukiwa tunarudi nyumbani kwa Krismasi, bonasi imetoka na mtu anataka kuingia kijijini akiwa hana deni. Kwa bati la zahanati, Desemba ni sawa. Bati linangoja. Kwa madawati, Desemba ni sawa.

Kwa nyasi, Desemba ni sifuri. Anayeahidi leo laki mbili na kuzileta Desemba atakuwa ametoa fedha njema kwa mbegu ambayo mvua yake imeshapita.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kiasi cha shilingi 3,500,000, ambacho ni mbegu, plau na mipaka, kipatikane taslimu kabla ya tarehe 10 Septemba. Mwenye nacho leo akitoe leo mezani; risiti iko tayari. Hizo 4,000,000 za walinzi, ndizo zinazofaa kuahidiwa: 200,000 kwa mwezi, kwa miezi 20. Watu 20 wakichukua mwezi mmoja mmoja, kazi imekwisha, na kila mmoja atajua mwezi wake ni upi. Bango liko pale mlangoni, miezi imeandikwa, nafasi za majina ziko wazi. Mtu akipenda kuchukua mwezi aliozaliwa mama yake, sina pingamizi.

Hizo 500,000 zilizobaki tutazitafuta kwa mnada wa jioni. Tunaye jogoo mmoja na kikapu cha sangara wakavu, na Mwenyekiti ameahidi kupandisha bei mwenyewe.

Tukishindwa kufikisha milioni tatu na nusu kufikia tarehe hiyo, kamati imekubaliana tusipande kwa kubahatisha. Tutafunga zile ekari 25 zenye akiba, tutalipa walinzi, na zile 15 tutaziacha hadi Septemba ya mwakani. Ni uamuzi wa heshima, lakini una bei yake: kiangazi kingine, simu zilezile, na vijana wengine wakifungasha.

Wazee wetu walijua siku ya kufunga na siku ya kufungua bila kalenda ya ukutani. Sisi kalenda tunazo hadi kwenye simu. Leo tumebakiwa na takriban wiki sita.